Hatuulizani Umefika Wapi

Doornfontein,
Johannesburg,
Afrika Kusini.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa Dada Mwanaasha,

Shikamoo, dada yangu. Nakuamkia kwa heshima zote nikijua umeshanikasirikia, na una haki. Habari za Makorora? Kifua cha shemeji Mselem kimepoa? Na mgongo wako je, au bado unabeba ndoo mbili kwa mpigo halafu unasema huna tatizo? Mama anakula vizuri? Mimi huku sijambo, kwa maana kwamba sina homa na natembea kwa miguu yangu. Baridi imeanza kutuachia. Sasa tuko kwenye upepo wa vumbi, unaingia mpaka kwenye kopo la unga.

Usishangae kuona karatasi badala ya sauti kwenye simu. Mahmoud, yule mfanyabiashara wa Chumbageni, anarudi Tanga Alhamisi, nikaona nimpe hii mkononi. Sauti zangu nazijua mnavyozisikiliza: simu inawekwa mezani, Mama anakaa katikati, na jirani anayepita anaitwa aingie. Hii ni yako peke yako. Tafadhali isome ukiwa chumbani na umefunga mlango.

Umeniuliza mara tatu tarehe ya mahafali ya Aprili ili ukate tiketi yako na ya Mama. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba hawajatangaza. Mara ya pili nikasingizia mtandao. Mara ya tatu sikujibu kabisa. Jibu lako limo humu, lakini nivumilie kwanza nikueleze habari ya mwenzangu mmoja. Nikianza na jibu lenyewe utaniona mwongo basi, na mimi nataka angalau unione mwongo mwenye maelezo.

Nimechoka, dada. Nilipokuwa nafundisha chuoni hapo Tanga nilikuwa nachoka jioni, nalala, asubuhi nimepona. Uchovu wa huku unaamka pamoja na mimi. Mwaka wa nne huu naandika kitabu kimoja juu ya watoto wa wahamiaji: wazazi wanawasemesha Kiswahili, wao wanaelewa kila neno, halafu wanajibu kwa Kizulu au Kiingereza. Jambo ambalo wewe ungelieleza kwa dakika mbili huku unakuna nazi, mimi nalieleza kwa kurasa mia tatu, na bado msimamizi wangu anaandika pembeni, "Fafanua."

Idara yetu ina korido ndefu, na wanawake wanaofanana na mimi humo wengi wao wanapiga deki. Mwezi wa saba maji yalipokatika jengoni, wanafunzi wawili kwa nyakati tofauti walinisimamisha wakaniuliza maji ya vyooni yanarudi saa ngapi. Wala sikukasirika. Niliwaambia na mimi nayangoja.

Kilichoniweka hapa miaka yote hii ni saluni ya Clémentine. Huyu ni msusi kutoka Lubumbashi, na saluni yake iko ghorofa ya pili katika jengo kuukuu hapa hapa Doornfontein. Chini yake kuna mafundi cherehani, juu yake kuna kanisa la Wakongomani lenye kwaya isiyojua kuchoka. Ni chumba cha wanawake peke yao, mlangoni pana pazia zito, kwa hiyo hata mimi navua mtandio bila wasiwasi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, tunakutana hapo wanawake wanne tunaosomea udaktari wa falsafa. Kuna mimi. Kuna Refilwe, mwenyeji, mzaliwa wa Soweto. Kuna Falonne wa Goma, anayeshinda maabara na kemikali zake. Na kuna Léocadie wa Bukavu, muuguzi kwa kazi, anayechunguza maisha ya wauguzi wa Kongo ambao huku wanaishia kulea wazee wa watu majumbani. Yeye mwenyewe analea bibi mmoja kule Midrand.

Utaratibu wetu ulizuka wenyewe. Kusuka rasta nyembamba kunachukua saa tano. Siku moja Refilwe alikaa kwenye kiti na sura ya pili ya kitabu chake mapajani, akaisoma kwa sauti ili asipoteze siku nzima. Tukamkosoa kweli kweli, naye hakuweza kuinuka kwenda kulia chooni kwa sababu Clémentine alikuwa amemshika nywele. Tukaona hiyo ndiyo dawa. Tangu siku ile anayesukwa ndiye anayesoma, na sisi wengine tunamkalia kooni mpaka msuko uishe.

Clémentine mwenyewe Kiingereza chake ni cha kuongea na wateja tu, lakini ndiye mkaguzi mkali kuliko sote. Akisikia shingo inakaza chini ya vidole vyake, anaacha kusuka. "Pale umesoma mbio mbio, na shingo imekuwa nguvu," ananiambia. "Unaogopa nini pale?" Na kweli, dada, kila mara ni pale pale ambapo sina ushahidi. Maprofesa wangu hawajawahi kunishika hivyo.

Sheria tulikuwa na moja tu, na niliitunga mimi. Hatuulizani umefika wapi. Swali hilo kila mmoja wetu alikuwa analikimbia. Refilwe alikuwa akiulizwa na mama mkwe, Falonne na mumewe, Léocadie na mchungaji wake mbele ya kanisa zima, mimi na nyinyi. Nikasema angalau pawe na chumba kimoja Johannesburg hii ambamo mtu hataulizwa. Walifurahi mno. Refilwe alipiga makofi mpaka Clémentine akamwambia atulize kichwa. Nilijiona nimefanya jambo la maana, na kwa muda mrefu nililionea fahari.

Tulijipanga pia wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kusomeana kati ya Jumamosi moja na nyingine. Mwenzangu alikuwa Léocadie.

Mwezi wa kumi mwaka jana Léocadie alikuja amekata nywele zote, karibu na ngozi. Tulimsifu sana. Ana kichwa kizuri, cha duara, na macho yake yakaonekana makubwa zaidi. Falonne alisema na yeye angethubutu kama Mungu angempa kichwa cha namna ile. Tangu siku hiyo Léocadie hakukaa tena kwenye kiti, na hakuna aliyeona ajabu, maana asiye na nywele atasukwa nini? Alikaa kwenye benchi karibu na dirisha na kalamu nyekundu mkononi, akitusomea sisi.

Na alivyosoma, dada! Hakuna kosa lililompita. Alikuwa akitoka Midrand kwa teksi, anabadilisha nyingine katikati ya mji, anafika na karatasi zangu zimejaa maandishi yake madogo ya muuguzi, pamoja na maandazi kwenye bakuli. Ukisoma, anakutazama usoni kama mtu anayehesabu pumzi zako. Falonne alipotaka kuacha mwezi wa tatu, Léocadie ndiye aliyekwenda kukaa naye siku mbili mpaka akarudi maabara.

Mimi niliyekuwa mwenzake sikuona ukurasa wake hata mmoja karibu mwaka mzima. Ngoja nikupe ukweli wote, maana ndiyo sababu ya barua hii. Niliona kwamba kurasa hazipo, na nilishukuru. Zangu zilikuwa zimenielemea, za mwenzangu ningezibeba wapi? Nikajiambia huyu ameshamaliza, sasa anapiga pasi tu. Na sheria yangu ilikuwapo ya kunilinda.

Mwezi uliopita tukaamua kumfanyia Léocadie jambo. Tuliamini yuko mwishoni, tukataka tumtafutie chumba chuoni afanye majaribio ya kuwasilisha kazi yake mbele yetu kabla ya siku yenyewe, halafu tukate keki. Ilikuwa siri. Refilwe, kwa vile ni mwenyeji na anajua kuongea na watu wa ofisi, akaenda kuomba chumba kwa jina la Léocadie. Karani akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena, akamwambia mtu huyo hayumo kwenye usajili wa mwaka huu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mimi kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama niliyeshtuliwa. Refilwe aliingia bila kusalimu. Alimwuliza Léocadie kwa Kiingereza, taratibu, kama amejisajili. Léocadie alifunika kalamu yake. Alinigeukia mimi na kusema kwa Kiswahili cha kwao.

"Niliacha kuandika mwezi wa tisa ya mwaka ilipita, Nasra. Kujisajili pia sikuenda."

Msimamizi wake alikuwa amestaafu, kumbe, na aliyerithi nafasi alimwambia sura mbili azianze upya. Alirudi nyumbani akaweka mkoba nyuma ya mlango, hakuufungua tena. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, mimi mwenzake. Nilimwuliza kwa ukali hata, Mungu anisamehe.

"Mulisema hatuulizane," alisema. "Basi mimi nikawaza, hapa si mahali pa kusema. Nikakata nywele ili musinikalishe kwa kiti. Lakini kila Jumamosi niko nakuja, najiambia, leo Nasra ataniuliza."

Nilitaka kuinuka nimfuate pale benchini. Sikuweza, Clémentine alikuwa ameshika nywele zangu na hakuziachia. Nililia nikiwa nimekaa vile vile, na kwaya juu yetu ikaendelea na mazoezi kama kwamba hakuna kilichotokea. Falonne alikuwa anaangalia sakafu. Refilwe naye alikuwa anasema "eish, eish" kwa sauti ya chini.

Halafu Clémentine akasema, huku ananivuta kichwa nyuma anitazame usoni, "Na weye pia, Nasra. Ile hadithi ya mutoto na ndizi, miye nimeisikia mara tatu. Unabadilisha tu kichwa yake. Weye pia umesimama."

Hadithi hiyo imo kwenye sura yangu ya tatu. Mtoto na mama yake wako kwa muuza ndizi katikati ya mji, mama anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kizulu, muuza ndizi anacheka. Niliisoma mwezi wa tano, nikaisoma wa sita, nikaisoma wa nane, kila mara nimebadilisha vichwa vya habari na kuhamisha aya mbili. Wasomi watatu walinisikiliza na hakuna aliyesema neno, kwa sababu niliwakataza kuuliza. Msusi asiye na vyeti ndiye aliyekuwa akijua muda wote, naye aliheshimu sheria ya wateja wake.

Basi jibu lako ndilo hilo, dada. Aprili hakuna mahafali. Sura ya nne na ya tano hazijaandikwa. Nilipokwambia mwaka jana kwamba nimebakiza kidogo, nilikuwa nimebakiza nusu, na tangu mwezi wa tano sikuwa nimeongeza hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nakwenda maktaba asubuhi, nafungua kompyuta, natazama, nafunga, nasali adhuhuri, narudi nyumbani nimechoka kama niliyepasua kuni. Ukinipigia simu nakwambia nilikuwa kazini. Usikate tiketi.

Naona aibu kuandika haya. Aibu ni kwako, kwa shemeji, na kwa watu wa mtaa ambao Mama ameshawaita wote, maana najua ameshawaita. Aliniambia nikirudi nimtibu magoti. Nilimweleza kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, akasema magoti yake hayabagui.

Nikueleze yaliyofuata. Sheria tumeifuta. Sasa mtu akiingia saluni, kabla hajavua hata viatu, anaulizwa ameandika nini tangu tulipoonana, na lazima aitoe karatasi tuione. Mara ya kwanza ilikuwa mbaya sana, tulikuwa kama watu wanaopekuana mifukoni. Falonne alikuwa na aya moja. Mimi sikuwa na kitu, nikasema sina kitu, wakaniuliza kwa nini, nikasema sijui, wakaniuliza tena. Tulikaa kwenye hilo saa nzima. Nilitoka nimechoka zaidi kuliko nilivyoingia, ila kesho yake niliandika kurasa mbili.

Léocadie tulikwenda naye chuoni sote watatu, tumevaa vizuri kama tunaokwenda kuposa. Walimwambia aombe upya kama mwanafunzi mpya, aanze na kila kitu. Hawakuwa wakali, walikuwa na mlolongo wa watu nyuma yetu. Bado hajaamua. Jumatano ni siku yake ya kupumzika, anakuja chumbani kwangu, anakaa kitandani na kalamu yake, na mimi naandika mezani nimempa mgongo. Nimemwuliza kama ataomba. Alinijibu, "Leo hapana. Uniulize tena Jumatano." Nami namwuliza kila Jumatano. Sijui mwisho wake, na sitaki nikudanganye kwamba najua.

Kinachoniuma ni kwamba yeye, aliyepoteza nafasi, ndiye anayehakikisha mimi sipotezi yangu. Nilimwambia siyo haki. Akaniambia nigeuke niandike.

Kwa sasa nina nusu ya sura ya nne. Nikienda hivi hivi bila kudanganya mtu, nitakabidhi Juni mwakani. Wakaguzi watakaa nayo miezi yao, na mahafali yatakuwa Aprili ya mwaka 2027. Ni mwaka mzima zaidi ya nilivyowaahidi.

Na hapo, dada, ndipo penye jambo ninalotaka kwako. Nilipoondoka nilimwambia Mama miaka mitatu. Nilihesabu miaka yangu, sikuhesabu ya kwake. Sasa ana sabini na tisa, na mimi natuma barua ya kumwomba mwaka mwingine, kana kwamba miaka ya Mama ni yangu kuipanga.

Kila nikikuuliza habari zake unaniandikia, "Hajambo, anakusalimu." Ni maneno hayo hayo tangu nilipofika huku. Najua unanihurumia, unaona mzigo wangu unatosha, na mimi nimeyapokea hivyo hivyo kwa sababu yalikuwa yananiachia nafasi ya kupumua. Hata Léocadie nilimhurumia hivyo hivyo.

Kwa hiyo leo nakuuliza, na unijibu kama ninavyoulizwa mimi, bila kunilinda. Mama anashuka ngazi mwenyewe? Akiamka asubuhi anakuita kwa jina lako, au anakuita kwa jina langu? Uliniandikia kwamba pasipoti yake imetoka na kwamba kwenye picha ameinua kidevu. Sahihi aliitia mwenyewe, au ulimshika mkono? Ukiniambia mwaka mmoja ni mwingi kwake, nitafunga mizigo wiki hiyo hiyo na kurudi bila joho, na sitakulaumu hata kidogo. Ukiniambia anaweza kungoja, nitabaki na kumaliza. Lakini niambie lililo kweli. Nikirudi na cheti nikamkuta hanijui, sitajua nikionyeshe kwa nani.

Habari hii ya Aprili usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa ijayo baada ya swala, kwa sauti yangu, na akitaka kunigombeza mwache anigombeze mpaka aridhike.

Nisalimie shemeji Mselem na umwambie aache zile sigara anazojificha nazo nyuma ya choo, moshi wake naunusa mpaka huku. Nisalimie Naseeb na mkewe, na shangazi Mwanakombo, mwambie kanga yake najifunika hata leo. Clémentine anakusalimu, anasema siku ukija atakusuka bure na utasimulia mambo yangu yote. Léocadie naye anakusalimu. Amesoma barua hii yote, akasahihisha neno moja, na kusema niipeleke kwa Mahmoud kabla sijabadili mawazo.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu kwa yote unayofanya peke yako hapo nyumbani, ambayo ilikuwa tuyafanye wawili. Ampe Mama usingizi mwema na amwamshe na afya, na atukutanishe macho yake yakiwa bado yananitambua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nilipokaa kimya,

Nasra